Msiniulize Tena Dawa ya Kukesha

Msimu wa mitihani haupiti kabla sijaulizwa: "Daktari, nitumie nini nisisinzie?" Wanaouliza ni wanafunzi waliopanga vyumba huku mtaani Landless, wanaosoma Thika, Juja au Ruiru, na wanatarajia niwatajie kidonge. Sina, na ningekuwa nacho nisingewapa.

Imani yao ni kwamba kifurushi cha muguka na kopo la kinywaji cha kuchangamsha vitatia muhula mzima kichwani kwa usiku mmoja. Muguka, ule wa kutafuna unaoletwa kutoka Embu, una kathinoni, kichangamshi kinachofanana na amfetamini. Mdomo unakauka, moyo unaenda mbio, na mtu anajiona bingwa. Katika hali hiyo husoma sana bila kushika: nimeonyeshwa madaftari yaliyopakwa kalamu ya manjano jalada hadi jalada. Ukimwuliza mwenyewe aeleze ukurasa mmoja bila kuutazama, anacheka. Aliuzoea tu, hakuujua. Tofauti hiyo imepimwa: mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwasomesha wanafunzi vifungu. Wengine walirudia kusoma, wengine wakajaribu kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia waliongoza, na hapo ndipo mkeshaji anapodanganyika. Baada ya wiki, waliojipima waliwaacha mbali.

Kafeini ya kopo lile nayo haiondoi uchovu, inauficha. Saa tano hivi baadaye karibu nusu yake bado iko mwilini, kwa hiyo ukilala saa kumi alfajiri unagaagaa tu. Na ni usingizini ubongo unapoimarisha ulichosoma. Yaani unanunua, kwa pesa za chakula, kitu cha kukufutia kazi ya usiku kucha!

Lakini mkesha huanzia darasani. Mhadhiri anayefundisha polepole hadi wiki ya nane, kisha akatoa CAT mbili, yaani majaribio ya ndani ya muhula, kwa mpigo na asirudishe karatasi, asishangae darasa likipagawa. Wala asiniombe nimtafutie msemaji wa kuwatia moyo. Makofi hayapangi ratiba.

Haya, kwa haraka. Mhadhiri: tangaza tarehe za CAT wiki ya kwanza, na ukubaliane na wenzako zisigongane. Anza kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, ya alama kidogo au bila alama. Waonyeshe jibu zuri likoje. Rudisha karatasi kabla ya mtihani, zikiwa na maelezo. Kabla ya karatasi ngumu, wape dakika kumi waandike hofu zao. Watafiti Ramirez na Beilock walionyesha mwaka 2011 kuwa hilo huwasaidia hasa wenye wasiwasi mwingi. Mwanafunzi: funga daftari, andika unachokumbuka, fungua uone ulipokosa, rudia kesho kutwa. Jirani akifungulia muziki, hamia maktaba. Usiku lala. Na ukiona usingizi umekukimbia wiki nzima, au umewaza kujidhuru, usingoje mitihani iishe: nenda ofisi ya ushauri nasaha leo, na kama huwezi kwenda peke yako, mwambie mwenzako akusindikize.