Aliyepata Nafuu Arudi kwa Nani?

Katika nchi ya Burundi, kuanzia Gitega, mji mkuu wa siasa tangu mwaka 2019, hadi Muyinga, ulioko kaskazini-mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, pombe ni sehemu ya ada ya watu tangu zama za wafalme: urwarwa wa ndizi na impeke ya mtama hunywewa katika posa, katika matanga na katika suluhu ya ugomvi, na mgeni aliyekirimiwa mrija katika mtungi wa wenyeji wake huhesabiwa kuwa amekwisha kupokewa. Ada hiyo ina adhama yake, wala haitupasi kuitweza. Walakini yupo miongoni mwetu mtu ambaye takrima hiyo humrudisha katika maradhi aliyoyatoka kwa taabu, naye ndiye ninayemwombea nafasi katika baraza zetu.

Matabibu wamekwisha kubainisha kwamba uraibu ni maradhi yanayobadilisha ubongo, si upungufu wa imani wala wa malezi. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza madawa ya kulevya hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa hurudi nyuma wakati fulani, kiasi kinachokaribiana na cha wagonjwa wa pumu na wa shinikizo la damu ambao maradhi yao huwarejea. Hakuna amwitaye mgonjwa wa pumu msaliti kwa kuwa kifua kimembana tena. Kwa nini basi mlevi aliyeanguka baada ya miezi ya uzima afukuzwe kama mwizi?

Ndugu zetu wa Zanzibar, waliposumbuliwa na heroini, walianza mwaka 2009 kufungua nyumba za upataji nafuu, ambazo watu wengi huziita soba hausi, zikiendeshwa aghalabu na watu waliokwisha kuonja wenyewe arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa. Humo mraibu huishi na wenzake kwa miezi kadhaa, kwa saa za kuamka na za kazi zilizopangwa, na kwa vikao ambamo kila mmoja husema bayana yaliyo moyoni, kwa kufuata hatua 12 zilizotokana na chama cha walevi waliojirudi, kilichoasisiwa Akron, Marekani, mwaka 1935. Burundi nayo haikosi mahali pa tiba: ina kituo cha maradhi ya akili cha Kamenge, mjini Bujumbura, kinachoendeshwa na shirika la Ndugu wa Upendo, chenye tawi lake Gitega.

Hata hivyo, nyumba iliyo bora kuliko zote haina budi siku moja kumfungulia mtu mlango aende zake, na hapo ndipo mtihani mkubwa huanza, kwa maana hurejea kwenye njia zile zile, marafiki wale wale na dhiki ile ile iliyomponza. Fauka ya hayo, mwili wa aliyeacha heroini husahau kuistahimili, na kipimo alichokizoea zamani chaweza kumuua mara moja. Na mlevi wa siku nyingi anayekatiwa pombe ghafla bila tabibu aweza kupatwa na kifafa na kuweweseka, hata akafa. Kwa hiyo kumfungia chumbani kwa nia njema, au kumwacha peke yake kwa hasira, yote mawili ni hatari.

Linalowapasa jamaa ni jepesi kulitamka na zito kulidumisha. Katika sherehe na kuwe na umutobe, maji ya ndizi yasiyochachuka, wapewe wote wautakao, ili asiyekunywa pombe asionekane kuwa ameukataa udugu. Apatiwe kazi mapema, kwani uvivu na upweke humrudisha mtu haraka. Aulizwe hali yake bila kupelelezwa. Wala asiitwe teja, jina la kumdharau mraibu. Akianguka, apelekwe kwa tabibu siku ile ile, kabla fedheha haijamfanya ajifiche. Bashingantahe wanaoheshimiwa kwa kusuluhisha watu, maimamu wa Muyinga na mapadre wa Gitega wana sauti inayosikilizwa kuliko tangazo lolote: wakitamka hadharani kwamba kumpokea aliyeanguka ni wajibu wa jamaa zake, watakuwa wameokoa watu ambao dawa pekee isingewaokoa.