Michungwa ya Florida na Mamlaka ya Wasimamizi wa Fedha

Katika wilaya ya Lake, jimboni Florida nchini Marekani, palikuwa na kampuni ya W. J. Howey iliyomiliki mashamba makubwa ya michungwa, ikipanda kila mwaka ekari zipatazo 500, nusu ikiiweka kwa manufaa yake na nusu ya pili ikiwauzia watu baki. Wanunuzi hao aghalabu hawakuwa wakulima, bali wafanyabiashara na wenye taaluma zao kutoka majimbo ya mbali, ambao wengi wao walikuja kupumzika katika hoteli iliyokuwa mali ya wauzaji hao hao. Aliyenunua kipande, na pengine kipande chenyewe hakikutimia hata ekari moja, alipewa hati halali ya ardhi, kisha akahimizwa kutia saini mkataba wa pili, kwa kawaida wa miaka 10, ulioikabidhi kampuni ndugu ya Howey kazi yote ya kulima, kuchuma na kuuza. Matunda yakachanganywa pamoja, na mwenye ardhi akawa hana haki ya kudai chungwa hata moja, ila hesabu ya fedha mwisho wa msimu.

Je, hao walinunua mashamba, au waliwekeza rasilmali? Suali hili lilikuwa na uzito, kwani Sheria ya Dhamana ya mwaka 1933, iliyotungwa baada ya masoko ya hisa kuporomoka mwaka 1929, ilimlazimu kila auzaye dhamana kuisajili na kueleza bayana hali ya biashara yake, na mikataba ya uwekezaji imetajwa ndani yake kuwa ni dhamana pia. Tume inayosimamia dhamana na masoko ya hisa iliishtaki kampuni; kampuni ikajibu kuwa inauza ardhi na utumishi tu, na mahakama mbili za chini zikaipa haki.

Tarehe 27 Mei 1946 Mahakama ya Juu ilizipindua hukumu hizo. Jaji Frank Murphy, aliyeandika kwa niaba ya wenziwe, aliiacha dhahiri ya hati akaitazama batini ya shughuli: palipo na fedha zilizotolewa, katika biashara ya pamoja, kwa kutaraji faida itokanayo na juhudi za wengine, hapo pana mkataba wa uwekezaji, hata kama kinachouzwa kimeitwa shamba. Jaji Felix Frankfurter peke yake alipinga. Kwa rai yangu Murphy alisibu, maana sheria ambayo ingeorodhesha majina ya vitu tu ingekwepwa na kila mwenye hila kwa kubuni jina jipya.

Lakini kipimo kinachonyumbulika huzua ikhtilafu. Desemba 2020 Tume iliishtaki kampuni ya Ripple kwa kuuza sarafu ya kidijitali iitwayo XRP bila kuisajili. Julai 2023 Jaji Analisa Torres wa New York aliamua kuwa sarafu zilizouzwa moja kwa moja kwa mashirika makubwa ziliuzwa kama dhamana, ilhali zile ambazo kampuni iliziuza katika masoko ya mtandaoni, ambako mnunuzi hamjui muuzaji, hazikuwa hivyo. Mwezi huo huo, katika mahakama hiyo hiyo, Jaji Jed Rakoff, akisikiliza kesi ya kampuni ya Terraform, aliikataa tofauti hiyo. Nami naona ni ajabu kwamba tajiri mwenye mawakili wake ahifadhiwe na sheria, na mtu wa kawaida aachwe nje, yeye aliye mhitaji zaidi wa hifadhi hiyo.

Mwaka uliofuata, katika kesi ya Jarkesy, Mahakama ya Juu iliibana Tume kwa upande mwingine: ikitaka kumtoza mtu faini kwa ulaghai wa dhamana, haiwezi kumhukumu ndani ya baraza lake yenyewe, bali mtu huyo ana haki ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama.

Hukumu ya michungwa imefika hata Afrika ya Mashariki. Mwaka 2019, Wiseman Talent Ventures, waliokuwa wakiuza sarafu ya KeniCoin, waliiomba Mahakama Kuu ya Kenya iizuie Mamlaka ya Masoko ya Mitaji isiingilie biashara yao, wakidai kuwa haina uwezo juu ya sarafu hizo. Mahakama ilikitumia kipimo cha Howey, ikalikataa ombi.