Msomi Naye Huugua

Mtaa wa Mbotela, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa mwezi wa Novemba 1952. Wazee waliohamia humo walikuwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Wana na wajukuu wao wamesoma, na leo ni nadra kupita mlangoni pa mtu usitajiwe wakili, mhandisi au daktari aliyelelewa humo ndani. Nimefundisha watoto wa Eastlands kwa miaka mingi, na fahari hiyo ninaishiriki.

Lakini fahari hiyo ina upande mwingine tusioupenda kuutaja. Kijana aliyefaulu huwa mali ya wengi. Karo ya wadogo zake ni yeye, dawa za mama ni yeye, na kwenye mchango wa mazishi kadi huanzia kwake. Akiugua malaria ataombewa. Akipatwa na shinikizo la damu ataambiwa apunguze chumvi. Akisema kwamba moyo umemzimika, kwamba asubuhi haoni sababu ya kuvaa viatu, ataulizwa, "Wewe tena? Umekosa nini?"

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, mkaguzi wa hesabu katika kampuni nisiyoitaja, alinitembelea akiwa amekonda. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akilala saa tatu kwa usiku. Kazini alisema ana vidonda vya tumbo. Ana bima nzuri ya matibabu, ila daktari wa akili alikuwa akimlipa kwa pesa zake taslimu, tena katika mji mwingine, ili karatasi zisipite katika ofisi ya wafanyakazi. "Mwalimu," aliniambia, "wakijua, nani atanikabidhi vitabu vya benki nivikague?"

Ni rahisi kumwita mwoga. Mimi siwezi, kwa kuwa hofu yake ina historia. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia wendawazimu, na hadi leo jina lake hutumiwa kama tusi viwanjani mwa shule zetu. Daktari J.C. Carothers, aliyeisimamia tangu 1938 hadi 1950, alishikilia kwamba sonona, yaani ile huzuni nzito inayomlemaza mtu, ni nadra miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1953 maoni yake kuhusu akili ya Mwafrika yalichapishwa na Shirika la Afya Duniani. Wasomi wetu waliyapinga, na kwa haki. La kustaajabisha ni kwamba sisi wenyewe huyarudia kila tunaposema kuwa huo ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri.

Sheria nayo ilichangia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ambalo adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha miaka miwili. Wakili aliyemfungulia mtu moyo kwamba alijaribu kujitoa uhai alikuwa pia anakiri uhalifu. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na kampuni za bima zikakatazwa kuwabagua wenye maradhi haya. Huo ni mwendo mzuri, ingawa sheria haiingii katika chumba cha mkutano ambamo bosi huamua nani apandishwe cheo.

Jambo jingine huwapotosha hata wenye nia njema. Mchapakazi anapougua, kazi yake huenda isionyeshe dalili kwa muda mrefu. Huzidisha saa za kazi, hukagua mara tatu alichokuwa akikagua mara moja, na sisi tukamsifu kwa bidii. Kumbe bidii hiyo ndiyo blanketi anayojifunikia. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua, nasi tulikisikia kilio hicho mwaka 2024, chama cha madaktari, KMPDU, kilipolalamikia vifo vya madaktari wanagenzi waliojitoa uhai. Watu hao walizijua dawa za sonona kwa majina. Ujuzi huo haukuwatosha.

Na dawa zipo. Kwa wengi, vidonge na mazungumzo na mshauri aliyehitimu, ama kimoja kati ya hivyo viwili, hurudisha usingizi na hamu ya kuishi, na mtu akaendelea na kazi yake ile ile. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia bila kuonwa. Kampuni na idara zinazojigamba kuwa na washauri nasaha ziwatenganishe kabisa na ofisi inayoandika ripoti za utendaji kazi. Mshauri anayekula meza moja na meneja wa wafanyakazi hatapata mgonjwa hata mmoja mwenye cheo.

Shuleni nako tujitazame. Mwalimu wa ushauri nasaha aghalabu ana vipindi vyake vya kawaida, madaftari ya kusahihisha, na wakati mwingine ndiye huyo huyo mshika nidhamu. Wanaoitwa ofisini mwake ni watoro na wavuta bangi. Yule wa kwanza darasani, anayelia chooni kwa kupata alama 88 badala ya 92, hakuna anayemwita. Muhula ujao ningependa kuona orodha ya mwalimu huyo ikianza na majina ya juu.