Vipokezi vya mguso

Vipokezi vya mguso ni miisho midogo ya neva (mishipa ya fahamu) iliyomo ndani ya ngozi. Hugeuza mgandamizo, mvuto na mtetemo kuwa ishara za umeme ambazo hupelekwa kwenye ubongo. Kwa binadamu vimesongamana hasa kwenye ncha za vidole: kiganja kimoja pamoja na vidole vyake kinakadiriwa kuwa na nyuzi za neva za mguso zipatazo 17,000.

Kazi yake huonekana vizuri katika utungaji wa shanga, sanaa ya wanawake wa Kimasai katika vijiji kama Ololosokwan, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Mtungaji mzoefu huokota ushanga wa kioo wenye upana wa milimita chache huku akiongea na mwenzake. Vidole humjulisha kama ameshika ushanga mmoja au mbili, na kama unateleza.

Aina

Katika ngozi isiyo na nywele kuna aina nne zinazotajwa kwa kawaida. Seli za Merkel zipo chini kabisa ya ngozi ya juu. Hutoa ishara muda wote kitu kinapobonyeza, na kwa njia hiyo hutambulisha ukingo na umbo, kama vile tundu la ushanga au nukta za maandishi ya Braille. Vifuko vya Meissner vipo chini ya mistari ile inayofanya alama za vidole. Hivi hujibu mabadiliko tu. Ushanga ukianza kuponyoka, hutoa taarifa, na vidole hukaza katika muda usiofikia sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mwenyewe hajafikiri lolote.

Vifuko vya Pacini viko ndani zaidi. Vina tabaka nyingi kama kitunguu, hufikia urefu wa milimita moja, na huhisi mtetemo wa haraka, hasa wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Miisho ya Ruffini huhusishwa na kuvutwa kwa ngozi, ingawa wataalamu hawajakubaliana ni mingapi iliyomo kwenye vidole vya binadamu. Maumivu na joto vina miisho yake mingine.

Msongamano huo unaweza kupimwa nyumbani kwa vijiti viwili. Kwenye ncha ya kidole, mtu aliyefumba macho hutambua kuwa ni viwili hata vikiachana kwa milimita 2 au 3. Mgongoni huenda vikahitaji kuachana kwa takriban sentimita 4.

Kutoka mguso hadi ishara

Wakati wa utulivu, ndani ya uzi wa neva kuna chaji hasi ikilinganishwa na nje, kwa tofauti ya milivolti 70 hivi. Ngozi inapobonyea, utando wa kipokezi huvutika na protini iitwayo Piezo2 hufunguka kama mlango, ikiruhusu ioni zenye chaji chanya kuingia. Mguso ukiwa hafifu mno, badiliko hilo hufifia palepale. Likivuka kizingiti, msukumo wa neva huzaliwa na kusafiri kwenye uzi wote.

Piezo2 ilitambuliwa mwaka 2010 na kikundi cha Ardem Patapoutian nchini Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius. Watu wachache wanaozaliwa bila protini hiyo kufanya kazi hupata shida kujua mikono yao iko wapi wakifumba macho.

Misukumo ya uzi mmoja hulingana kwa ukubwa. Kubonyeza kwa nguvu hakuleti msukumo mkubwa zaidi, bali huongeza idadi ya misukumo kwa sekunde. Jambo hili lilionyeshwa na Mwingereza Edgar Adrian katika miaka ya 1920.

Ishara hupita katika neva za mkono kwa mwendo wa mita 50 hivi kwa sekunde, huingia uti wa mgongo, huvuka upande wa pili chini ya ubongo, kisha hufika kwenye gamba la ubongo. Huko vidole vina eneo kubwa kuliko mgongo mzima.

Mguso unapopotea

Bakteria wa ukoma hushambulia seli zinazozunguka neva, mara nyingi neva ya ulna inayopita kwenye kiwiko hadi kidole kidogo. Wengi huamini kwamba ukoma hula vidole. Sivyo: mgonjwa hushika sufuria ya moto au kujikata bila kuhisi, na ni majeraha na maambukizi yasiyotunzwa yanayoharibu vidole polepole.

Nchini Tanzania mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na dawa za ukoma hutolewa bure. Dawa huua bakteria, lakini neva iliyokufa zamani kwa kawaida hairudi; iliyodhurika katika miezi 6 iliyopita huweza kupona ikitibiwa kwa prednisoloni. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mgonjwa hufumba macho, mhudumu humgusa taratibu kiganjani kwa ncha ya kalamu ya wino, naye huonyesha kwa kidole cha mkono wa pili mahali alipoguswa.