BUNDUKI INAPOKABWA KOONI

Na Mwandishi Wetu

Ukitoka Kitale kwa barabara ya kwenda Webuye, hujapata hata kukizoea kiti cha matatu utasikia utingo akiita: "Kiminini, wa Kiminini!" Hapa ni nchi ya mahindi. Mwezi wa Aprili ni udongo mwekundu na milio ya matrekta. Mwezi wa Novemba ni mabua makavu na vumbi linaloingia kila mahali, machoni, chakulani na, kama utakavyoona msomaji, hata ndani ya bunduki.

Nyuma ya ghala la shamba moja la hapa nilisimuliwa habari za bunduki ya marisau iliyomwaibisha mwenyewe. Mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu. Wajukuu wake humwita Kuka, kama wafanyavyo Babukusu kwa babu zao, nami sikuona jina jingine la kumwita.

Usiku mmoja mbwa kichaa aliingia zizini. Mchungaji alipiga kelele, Kuka akafungua sanduku la chuma, akatoka na bunduki. Alifyatua mara moja, akakosa. Akavuta ule mshikio wa mbele, akasukuma, akabonyeza tena. Kimya! Akavuta tena, sasa chuma kikagoma kwenda mbele na kikagoma kurudi nyuma.

"Ilikataa kumeza, ikakataa kutapika," aliniambia.

Watu walimwua mbwa yule kwa rungu, lakini alikuwa amekwisha mwuma mtamba mmoja shingoni. Mchungaji, aliyekwaruzwa mkononi, alipelekwa hospitali kuchomwa sindano, naye akapona. Mtamba haukupita mwezi wa pili. Ulianza kutokwa na mate na kulia usiku kucha, ukatiwa shimoni.

Asubuhi yake neno la kwanza la Kuka lilikuwa kuilaani bunduki. Neno la pili lilikuwa kuipeleka kwa fundi wa baiskeli pale sokoni, aikwangue kidogo kwa tupa. Hapo ndipo mkewe aliposimama mlangoni akamkataza. Mama huyo alijua analosema. Chini ya sheria ya silaha ya Kenya, ile Sura ya 114 tuliyorithi toka zama za mkoloni, hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya biashara ya kutengeneza bunduki isipokuwa aliyeandikishwa. Fundi wa baiskeli angeweza kufungwa kwa wema wake. Na mbali ya sheria, tupa ikipita mahali pasipotakiwa, bunduki iliyokuwa ikikataa kulishwa inaweza kugeuka ikawa inajifyatua yenyewe.

Basi bunduki ikapelekwa kwa fundi mwenye kibali. Kabla sijaeleza aliyoyakuta, hebu tutazame jinsi chombo hiki kinavyokula.

Katika bunduki ya kuvuta na kusukuma, risasi hulala foleni ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zikisukumwa na springi ndefu. Mlangoni mwa bomba pana ndimi mbili za chuma, kulia na kushoto, mfano wa mabawabu wawili. Ukivuta mshikio, komeo linarudi nyuma. Kucha iliyo mbele ya komeo hulikamata lile ganda tupu kwenye ukingo wake, hulitoa chembani, nalo likigonga kirushio huruka nje. Mwisho kabisa wa mvuto huo, si kabla, bawabu mmoja hufungua na risasi moja hutoka ikalala juu ya kipande cha chuma ambacho mimi nitakiita kijiko. Ukisukuma mbele, kijiko kinainuka na komeo linaitia risasi chembani. Bawabu wa pili kazi yake ni kuizuia risasi inayofuata isimfuate mwenzake.

Msomaji ataona kwamba hapa mlishaji ni mkono wa binadamu. Bunduki inayojilisha yenyewe hutumia nguvu ya baruti, haichoki wala haiogopi. Lakini hii ya pampu humngoja mwenyewe, na mwenyewe akivuta nusu, naye hupata nusu: ganda tupu halikutoka, risasi mpya haikuachiwa, au zote mbili zikakutana njiani kama magari mawili kwenye daraja jembamba. Mafundi husema hiyo ndiyo sababu iliyo kubwa kupita zote. Mtu hushika bunduki yake kwa upole kama kikombe cha chai, akidhani anaihurumia, kumbe anainyima chakula. Dawa yake haiuzwi dukani: vuta kwa nguvu mpaka chuma kigonge mwisho, sukuma kwa nguvu mpaka kigonge mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kuka. Fundi alimtaka aonyeshe alivyofanya usiku ule, akitumia risasi bandia zisizo na baruti wala fataki. Mzee akavuta. Fundi akacheka, akamwambia: "Mzee, umeishia katikati."

Lakini mkono haukuwa na kosa peke yake. Bunduki ile ilinunuliwa na baba yake Kuka katika miaka ya 1960 kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akihama, ikaandikwa polisini kwa jina la baba na baadaye la mwana. Pamoja nayo lilikuja sanduku la risasi za ganda la karatasi. Kampuni ya Remington ya Marekani ilileta ganda la plastiki mwaka 1960. Kabla ya hapo karatasi ndiyo iliyokuwa mtindo wa dunia. Sasa karatasi, ndugu msomaji, hunywa maji. Miaka ya mvua za Trans Nzoia huivimbisha kidogo kidogo mpaka risasi iliyokuwa ikiteleza chembani inakuwa kama mguu uliovimba ndani ya kiatu. Huingia kwa kusukumwa, na ikisha kulipuka haitaki kutoka. Shaba ya kitako nayo hushika kutu ya kijani, kucha ikateleza juu yake. Fundi alizitenga zote asiguse hata moja.

Tatu, bomba. Kuka alikuwa na mazoea ya kulimiminia mafuta kila mwaka baada ya mavuno. Mafuta yakakutana na vumbi la mahindi, yakawa uji mzito, na springi ikalala. Fundi aliosha bomba, akalikausha, akaacha mafuta kidogo tu. Chembani alipitisha brashi ya shaba mara nyingi mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Anasema springi iliyochoka hubadilishwa, hainyoshwi kwa mkono. Na bomba lililobonyea, hata kidogo, huzuia foleni nzima.

Yako maradhi mengine ambayo bunduki hii haikuwa nayo. Bawabu akilegea, risasi mbili hutoka pamoja, moja ikaingia chini ya kijiko na kukaba kila kitu. Remington 870, iliyotoka mwaka 1950 na kuuzwa zaidi ya milioni kumi, ilijulikana kwa ugonjwa huo mpaka katika miaka ya 1980 kijiko chake kilipokatwa upenyo ili mtu aweze kujifungua. Wengine hulalamika kwamba bunduki yao inakula risasi mbili tu, kumbe ndani ya bomba mna kijiti. Huko Marekani sheria ya mwaka 1935 inamzuia mwindaji wa ndege wanaohama asipakie zaidi ya tatu, na bunduki nyingi hutoka kiwandani na kijiti hicho.

Na liko kosa moja lisilosamehe. Risasi ya kipimo cha 20 ni nyembamba kuliko ya 12. Ukiitia kwa bahati mbaya katika bunduki ya 12, hupita chemba ikakwama mbele ndani ya mtutu. Wewe waona chemba tupu, unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana viwanda vingi hupaka ya 20 rangi ya njano. Kwa hiyo kabla ya kutafuta ugonjwa wowote, mtutu uelekezwe pasipo na mtu, bomba litolewe risasi zote, chemba itazamwe kwa jicho na kupapaswa kwa kidole, na mtutu uchunguzwe toka mwanzo hadi mwisho.

Watu wa sehemu hizi si wageni wa bunduki. Vita vya Chetambe vya mwaka 1895, karibu na Webuye, vilitanguliwa na ugomvi juu ya bunduki zilizoingia mikononi mwa Babukusu, ambazo Hobley, mtawala wa Kiingereza aliyekaa Mumias, alitaka zirudishwe. Baadaye, wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwapa walinzi wake wa vijijini bunduki za Greener za Birmingham, zenye kupakiwa risasi moja moja. Kulikuwa na aina ya Greener iliyotengenezwa makusudi isikubali risasi za kawaida, ili mwizi akiiba asipate cha kuilisha. Nilipomweleza Kuka habari hiyo alitikisa kichwa. "Ya kwangu haikufundishwa," akasema, "ilijifunza yenyewe."

Siku hizi, Jumapili jioni, mzee hukaa nyuma ya ghala na risasi bandia mbili alizopewa na fundi. Huvuta, husukuma. Mkewe huwa jikoni akichambua mboga, wala hatazami, anasikiliza tu milio.

"Hiyo ilikuwa nusu," husema. "Rudia."