Pikapu ya Dizeli na Pumzi ya Milima ya Kisii

Bonasi ya majani chai hutoka mwezi wa Oktoba, na katika vilima vya Kisii na Nyamira pesa hizo huwa zimekwisha kugawanywa kwa maneno kabla hazijaingia mkononi. Karo ina fungu lake, mabati yana fungu lake, na mwenye pikapu naye ana lake: safari hii injini lazima iguswe. Gari limechoshwa na vilima. Limepakia ndizi mbichi za kwenda soko la Daraja Mbili, au mawe ya sabuni kutoka Tabaka, na linapofika penye mwinuko dereva hushuka gea ya pili, kisha ya kwanza, huku boda boda zikimpita moja baada ya nyingine na abiria wakigeuka kumtazama.

Hapo ndipo mwenye gari huenda gereji na maombi mawili: fundi amkatie salensa ili gari lipumue, na amkazie skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Maombi hayo si ya mtu mjinga. Yana ukweli ndani yake, ila yameanzia mkiani, na hasara yake huonekana baada ya miezi michache.

Na tuanze na pumzi. Mji wa Kisii umekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na ukiishika njia ya Keroka au ya Nyamira unazidi kupanda. Sisi wa pwani hatuijui taabu hiyo, kwani injini ya Mombasa huvuta hewa nzito ya ufukweni. Kisii hewa ni nyepesi kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Kila pistoni ishukapo kuvuta hewa, silinda hujaa kwa macho, lakini kwa mizani haikujaa.

Chukua mfano wa Peugeot 504 ya dizeli, ile pikapu iliyokuwa ikiunganishwa Mombasa. Injini yake ya lita 2.3 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 70. Wapunguze farasi hao kwa hesabu ya hewa, utafika Kisii na kama 58 au 59. Waliosalia umewaacha njiani, pengine Mtito Andei. Toyota Hilux za zamani zisizo na turbo nazo hukatwa kodi iyo hiyo. Basi jambo la kulielewa kabla ya senti kutoka mfukoni ni hili: mlimani injini haikupungukiwa na dizeli, imepungukiwa na hewa.

Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata hataza ya injini yake mwaka 1893, hakutaka cheche ya kuwashia moto. Alitaka hewa ishindiliwe mpaka joto lake lenyewe liwashe mafuta. Katika injini za pikapu za zamani hewa hushindiliwa mara 20 na zaidi. Sasa, kilo moja ya dizeli huhitaji kiasi cha kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, na kwa kazi ya kweli injini hutaka zaidi ya hapo, kama kilo 18 au 20, ndipo isitoe moshi. Ukiikaza skrubu ya pampu pale ambapo hewa imekwisha kupungua, umeongeza chakula kwa mtu aliyeshikwa na pumu. Gari litavuta zaidi kidogo, sikatai, lakini dizeli isiyopata hewa hutoka masizi, na joto la moshi hupanda. Pistoni za injini hizi ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Moshi mweusi wanaousifu vijana barabarani ni pesa ya mwenye gari ikipaa mbinguni, na nyuma yake yafuata hedi iliyopasuka.

Fundi mmoja wa Nyamira, mtu wa maneno machache, ana desturi iliyonipendeza. Mteja akija na habari za kuongezewa nguvu, yeye hafungui bomba wala hagusi pampu. Huchomoa chujio la hewa akalikung'uta juu ya gazeti mbele ya mwenyewe. Vumbi jekundu la njia za shambani humwagika kama unga wa wimbi, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo kwa siku hiyo. Baadaye hupima mshindilio wa kila silinda, maana silinda iliyolegea haina dawa ya bomba. Huangalia nafasi za valvu. Nozeli huzipeleka kwa wenye mashine ya kuzipimia, aone kama zinanyunyiza ukungu au zinatiririsha matone. Huhakikisha kwamba pampu inapiga kwa wakati wake, wala haijawahi wala haijachelewa. Pikapu nyingi zilizozeeka huzipata nguvu zao zilizopotea katika kazi hii tu, pasipo kununuliwa kitu kipya zaidi ya chujio na ncha za nozeli. Kazi yenyewe haina fahari, kwa sababu hakuna jirani atakayeisikia.

Bomba ndilo lisikikalo. Wakisii ni watu wenye sikio la sauti nzito: obokano yao, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane, hunguruma kutoka kwenye bakuli lake la ngozi mpaka kifua cha msikilizaji kikatetema. Mwenye kuijua obokano haihitaji elimu nyingine kuielewa salensa. Moja ni chombo cha kukuza mtetemo, nyingine ni chombo cha kuufifisha, na zote mbili hufanya kazi kwa uwazi uliomo tumboni. Kijana anayeitoboa salensa amepata ngurumo, na kwa kuwa gari sasa linanguruma, hudhani linavuta. Katika dizeli isiyo na turbo, bomba pana huongeza nguvu kidogo mno, isipokuwa lile la zamani liwe limebonyezwa na jiwe, limeliwa na kutu, au limezibwa na masizi. Mvua ya huku hupita milimita 1,500 kwa mwaka, kwa hivyo kutu si jambo la kubuni. Hilo lililooza libadilishwe, tena kwa salensa nzima. Nyumba na shule zimekaribiana mno na barabara katika nchi hii ya watu wengi, na kanuni za kelele za mwaka 2009 hazikuandikwa kwa ajili ya disko peke yake.

Kwa gari lenye turbo maneno hubadilika. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905 ya kuutumia moshi utokao kuzungusha feni ya kusukuma hewa iingiayo, na kwa watu wa milimani sijui zawadi iliyo kubwa kuliko hiyo. Hapa bomba lina kazi: likiwa jembamba, feni huchelewa kuzunguka. Injini ya lita 2.5 hadi 3 hutosheka na bomba la inchi mbili na nusu mpaka tatu, lenye kona chache. Anayetaka kuongeza dizeli baada ya hapo aweke kwanza kipimajoto cha moshi karibu na turbo, na radieta yake iwe safi.

Magari mapya yana kompyuta badala ya skrubu, na wapo wanaoibadili programu yake na kung'oa chujio la masizi. Hilo la kung'oa mimi nalipinga. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliutangaza moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani, na Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Mama anayeuza ndizi kando ya lami ya Keroka yu karibu na bomba kuliko dereva.

Mipango mingi huharibika kwa matairi. Mtu huweka makubwa ili gari lipendeze, kisha hulalamika kwamba injini haivuti, wala hajui kwamba amezirefusha gea zake zote. Arudishe saizi ya kiwandani, atapata alichokuwa akienda kukinunua. Klachi nayo iangaliwe, kwa kuwa nguvu mpya hupitia humo, na breki kabla ya klachi, maana kila kilima cha Kisii kina upande wa pili.

Siku ya kujaribu, pakia mzigo ule ule wa kila siku, usizidi uzito ulioandikiwa gari, ushike njia ya Keroka asubuhi kabla msongamano haujaanza. Mtu mmoja akae nyuma atazame bomba, mwingine atazame kipimajoto cha maji. Moshi wa kijivu hafifu wakati wa kubadili gea si neno. Ukiendelea kuwa mweusi baada ya gea kushika, simama kando na uirudishe skrubu robo mzunguko, kisha upande tena.