Figo za Mnyama Aliyefukuzwa

Mnyamapori akishafukuzwa, akakamatwa na kutiwa zizini, wengi wetu hudhani kuwa hatari imekwisha maadamu yu hai. Sivyo. Mwaka 1963, nchini Kenya, hirola, mnyama wa jamii ya kongoni, walikamatwa na kuhamishiwa Tsavo. Mwaka uliofuata wataalamu walieleza katika jarida la kisayansi ugonjwa wa misuli uliompata mnyama huyo. Tangu hapo maradhi hayo yametambuliwa kwa wanyama wengi, wakiwamo pundamilia na twiga. Mgonjwa aweza kufa baada ya saa chache, au hata baada ya siku kadhaa. Chanzo chake ni nini?

Mnyama akiwa ametulia, figo zake hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu isukumwayo na moyo. Huichuja, zikarudisha mwilini maji na sodiamu inayohitajika, na kutoa potasiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo. Anapofukuzwa, neva pamoja na homoni ya adrenalini huibana mishipa ya figo ili damu nyingi iende misulini. Homoni nyingine huziamuru figo zizuie maji na sodiamu. Kwa mbio fupi mpango huu una manufaa: humwokoa swala na makucha ya simba.

Lakini mbio zikizidi, joto la mwili hupanda, asidi hulimbikizana, na chembe za misuli hupasuka. Humwaga katika damu potasiamu pamoja na mayoglobini, yaani protini nyekundu ihifadhiyo oksijeni misulini. Mayoglobini huziba vijifereji vya figo, ambazo tayari zimepungukiwa na damu, na mkojo huwa na rangi ya kahawa. Potasiamu nayo, ikikosa njia ya kutoka, huvuruga mapigo ya moyo.

Ndiyo maana wakamataji stadi hufanya kazi wakati wa ubaridi, hufupisha mbio, hutumia dawa za kutuliza, na humwongezea maji mwilini mnyama aliyechoka. Hirola waliosalia porini leo ni mia chache tu. Kila mmoja afaye kwa pupa ya wamhamishao ni hasara isiyofidika.

Swali kwa wanafunzi: kwa nini mkojo wa mwanariadha huwa haba baada ya mbio ndefu?